Wasomaji wa Shamba la Mteremkoni

Barua ya shukrani iliingia Jumatatu, saa nne asubuhi, Leokadia Mligo akiwa na kikombe cha chai mkononi na kitenge kimefunika magoti. Njombe ilikuwa na baridi ile ya Juni inayoingia hadi kwenye mifupa. Alikuwa akisoma tovuti ya fundi saa mmoja wa Ludewa, akijaribu kuamua kama aiingize kwenye Chekeche au aiache.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Chekeche ilikuwa injini ndogo ya kutafutia, iliyokaa kwenye seva tatu ndani ya chumba kilichowahi kuwa posta, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Haikutafuta kila kitu. Ilitafuta tovuti za watu binafsi tu, zile zilizoandikwa na mtu mmoja kwa mkono wake, zisizomsukumia msomaji bidhaa, zenye maandishi ambayo hata mtu wa miaka sabini angeyasoma bila kukunja uso. Mashine ilileta kurasa, lakini hakuna iliyopokelewa kabla Leokadia hajaisoma mwenyewe. Alikuwa mkutubi kwa miaka kumi na sita kabla maktaba ya mkoa haijafungwa, na mazoea ya kusoma hayakumtoka.

Maktaba ilifungwa kwa sababu ya Mjibu. Huu ulikuwa mwaka wa tisa tangu Mjibu aingie masikioni mwa watu. Unavaa kidonge chako sikioni, unauliza, unajibiwa kwa sauti nzuri, kwa lugha yako, na hakuna anayejali jibu limetoka wapi. Watu walioandika kurasa zao waliendelea kuandika, lakini msomaji wao alibaki mmoja tu, Mjibu mwenyewe, aliyezitafuna zote pamoja na kuzitema zikiwa sauti moja. Hakuwahi kurudia sentensi ya mtu kama ilivyoandikwa.

Chekeche ilirudisha sentensi kama ilivyoandikwa. Ukiandika maneno mawili, inakuletea ukurasa wenye maneno hayo mawili, na jina la aliyeyaandika.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Leokadia aliisoma kwa sauti ili Mwalimu Osmund Ngole, aliyekuwa ameinamia seva ya pili na bisibisi, apate kusikia.

"Ndugu wa Chekeche. Miaka mitatu nimemuuliza Mjibu, hakunisaidia. Nilikuwa natafuta maneno ya mke wangu, kiazi mpelelezi. Ndivyo anavyokiita kiazi chenye macho mengi. Kwenu nimeletewa ukurasa mmoja tu, na ndio wenyewe. Mungu awabariki. Je, mnajua mwandishi huyu ni wa wapi? Ningependa kumshukuru ana kwa ana. Baba Ezelina."

Mwalimu Osmund aliweka bisibisi chini. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu wa fizikia, na ndiye aliyeunda mtambazaji wa Chekeche, yaani programu inayozunguka mtandaoni kukusanya kurasa. Mke wake alikuwa amefariki miaka minne nyuma.

"Amefiwa huyu," alisema. "Anatafuta mtu mwingine anayesema kama marehemu alivyokuwa akisema. Nami niliwahi kufanya hivyo."

Leokadia aliamini hivyo hivyo. Aliujua ukurasa ule. Tovuti iliitwa Shamba la Mteremkoni, na mwandishi wake hakujitaja jina. Aliandika kuhusu viazi, umande na namna ya kukaa na udongo wa mlimani, na aliandika vizuri kiasi kwamba Leokadia, aliyekuwa bahili wa alama, alimpa zote. Hakuwahi kukutana naye lakini alimpenda. Akaona fahari kuulizwa.

Aliandika jibu palepale. "Pole sana, na asante kwa kutuandikia. Mwandishi hajasema anaishi wapi. Ila kwa jinsi anavyoeleza baridi, pareto na mawe meupe ya mtoni, mimi ningesema ni mtu wa Makete, upande wa juu. Ukimpata, msalimie."

Kisha akaiweka barua ya Baba Ezelina kwenye ukurasa wa mbele wa Chekeche, mahali palipoandikwa Wasomaji wanasema.

Ilikaa pale siku kumi na nane.

*

Aliyegundua alikuwa msomaji mmoja wa Mafinga, mama mtu mzima, aliyeandika kulalamika kwamba Shamba la Mteremkoni halifunguki tena. Alitaka kujua kama Chekeche imelitupa.

Leokadia alijaribu. Tovuti ilikuwa imefutwa. Lakini Chekeche ilikuwa na desturi ya kutunza nakala ya mwisho ya kila ukurasa kwa siku saba baada ya mwenyewe kuufuta, iwapo ungefutika kwa bahati mbaya. Akaifungua nakala hiyo.

Andiko la mwisho lilikuwa na mistari sita.

"Wanaonisoma ni marafiki zangu saba, na wote wamealikwa. Jumanne mchana mume wangu alinikuta shambani. Nilikuwa nimejificha kwake miaka mitatu. Mkono wangu umevunjika, mwanangu amepona. Aliyejua tunaishi wapi ni mtu mmoja tu, yule aliyenipokea zahanati siku ya kwanza na kunitafutia nyumba. Sitamtaja. Sitaandika tena."

Alilisoma mara tatu. Kisha akafungua ile barua ya shukrani, akaiangalia kama mtu anayesoma majibu ya vipimo vyake. Ndivyo anavyokiita kiazi. Si alivyokiita, bali anavyokiita. Mtu aliyelipwa mshahara miaka kumi na sita kwa kusoma, na hakuiona silabi moja.

Akaiondoa kwenye ukurasa wa mbele.

"Mwalimu," alisema. "Njoo uone."

Mwalimu Osmund alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alipomaliza akauliza jambo ambalo Leokadia alikuwa akiliogopa.

"Bango lake lilisemaje?"

Kila tovuti huwa na faili dogo mlangoni, ambalo binadamu halioni, ila mashine hulisoma kabla ya kuingia. Ndilo waliloliita bango. Mwenye tovuti huandika humo kama anaruhusu kurasa zake ziorodheshwe au la. Leokadia alilifungua la Shamba la Mteremkoni, lililobaki kwenye nakala. Lilikuwa na mstari mmoja, na ulikuwepo tangu siku ya kwanza: Wageni wa kualikwa tu, tafadhali usiorodheshe.

Mtambazaji wa Chekeche uliingia bila kulisoma. Ndivyo walivyouagiza.

Walikubaliana Novemba iliyopita, wawili hao, kwenye chumba hicho hicho. Kampuni nyingi zinazokodisha nafasi za tovuti zilikuwa zikibandika bango la kukataza kwa kila mteja mpya, ili kumzuia Mjibu, na wateja wengi hawakujua hata kama lipo. Theluthi mbili ya kurasa nzuri zilikuwa nyuma ya mabango hayo. Na mojawapo ilikuwa ya marehemu mke wa Mwalimu, Bi Generosa, aliyeandika miaka ishirini kuhusu mbegu za asili. Alikufa na nywila yake. Hakuna aliyeweza kuondoa bango lile. Mwalimu aliomba waruke mabango yote, kwa sauti ya chini, bila kumtazama usoni, na Leokadia alikubali. Alijiambia anamhurumia mzee. Lakini alijua pia kwamba Chekeche ingekua mara tatu kwa wiki moja, na alitaka ikue.

"Hatukujua," alisema Mwalimu.

"Tulijua kuna watu wanaosema tusiingie. Tukaingia."

"Tulidhani ni mabango ya kampuni."

"Mengi ndiyo. Hili siyo. Kaandika kwa mkono wake, kasema tafadhali."

Mwalimu alivuta kiti akaketi. "Nisikilize, mwanangu. Leo hii tunaifuta nakala yake. Kuanzia leo mtambazaji unasoma kila bango jipya. Yaliyopita tunayaacha, na hatutangazi. Tukitangaza, waandishi elfu kumi na moja watafunga milango kwa siku moja, na wengi wao hatujawadhuru. Wameanza kusomwa. Yule mzee wa saa wa Ludewa ana wasomaji mia nne. Unataka kumrudisha gizani kwa kosa asilolijua?"

"Na huyo wa zahanati?"

"Nani?"

"Aliyempokea. Amebebeshwa kosa letu. Mwanamke huyu anadhani ameuzwa na rafiki yake."

Mwalimu alikuna kidevu. "Watapatana wenyewe. Watu hupatana."

Leokadia aliifunga nakala. Kulikuwa na jambo ambalo mzee hakulijua, kwa sababu siku ile ya Jumatatu alikuwa amerudi kwenye seva zake kabla hajaona jibu lililoandikwa. Hakujua kwamba mtambazaji ulimpa Baba Ezelina ukurasa, lakini Makete alipewa na Leokadia.

Alifungua kinywa amwambie, akakifunga.

*

Alisafiri Alhamisi kwa basi la umeme la asubuhi, akiwa na nakala ya Shamba la Mteremkoni kwenye kishikwambi chake.

Kidonge cha Mjibu kisingemsaidia. Sheria ilimkataza Mjibu kutaja mahali anapoishi mtu aliyeomba ulinzi, na kwa hilo Mjibu alikuwa mwaminifu kuliko Chekeche. Kwa hiyo Leokadia alitafuta kwa kusoma. Andiko la Februari lilitaja kanisa lenye bati la bluu linaloonekana ukiwa shambani. La Aprili lilitaja daraja ambalo mbao yake ya tatu imeng'oka. La Mei lilisema kwamba kengele ya shule na ya kanisa hupigwa kwa pamoja, na watoto hawajui waende wapi. Aliteremka kituo cha tatu baada ya Makete mjini, akaulizia bati la bluu, akaelekezwa Ilindiwe. Alitembea dakika arobaini. Akavuka daraja, akahesabu mbao, ya tatu haikuwepo.

Akaketi ukingoni. Ilikuwa saa saba mchana. Alikuwa ametumia chini ya siku moja. Alikuwa amepita pale pale alipopita yule mwanamume, akisoma mistari ile ile, na kila alama ilipotimia alisikia furaha ndogo ya kupata alichokitafuta. Bila shaka na yule aliisikia.

Zahanati ilikuwa chini ya kanisa. Mwanamke aliyevaa sweta juu ya sare nyeupe alikuwa ameketi barazani akikunja vitambaa vya kufungia vidonda. Alikuwa na miaka hamsini hivi. Alipomwona mgeni hakuinuka.

"Kamwene," alisalimia Leokadia.

"Kamwene. Unaumwa?"

"Hapana, dada. Naitwa Leokadia Mligo, natoka Njombe. Namtafuta nesi aliyempokea mwandishi wa Shamba la Mteremkoni."

Mikono ya yule mwanamke ilisimama. "Wewe ni mgeni wa pili mwezi huu kuja kuulizia nyumba ya huyo. Unaitakia nini?"

"Sitaki nyumba. Nataka nesi."

"Basi ni mimi. Skolastika Tweve. Sema."

Leokadia alikuwa ameyapanga maneno ndani ya basi, na yalitoka kwa mpango ule ule. Alieleza Chekeche ni nini. Alieleza bango, na jinsi mashine yao ilivyoliruka. Alieleza kwamba yule mwanamume aliandika maneno mawili akaletewa ukurasa. Alisema mashine, mtambazaji, injini. Skolastika alimsikiliza hadi mwisho huku akimtazama mdomoni, kama anavyomtazama mgonjwa anayeficha kitu.

"Rudia," alisema. "Alijuaje kuja hapa?"

"Aliupata ukurasa kupitia kwetu."

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

Skolastika aliweka kitambaa juu ya mapaja. Aligeuza uso kuelekea ukutani, mabega yakapanda na kushuka mara mbili, kisha akatulia.

"Nilikuwa nikimfunga mkono," alisema. "Mfupa umekaa vibaya, inabidi uuvute. Ananitazama machoni, hapigi kelele. Ananiambia, 'Ni wewe tu uliyejua, Skola.' Sikuweza kubisha, kwa sababu ni kweli, ni mimi tu niliyejua. Wiki mbili hizi najiuliza nilimwambia nani. Nimeanza kukumbuka maneno ambayo sijui kama niliyasema. Nilimwambia dereva wa lori la viazi kwamba nina rafiki hodari wa kulima. Je, ndiyo hilo? Nilimwambia mdogo wangu kwenye simu kwamba kuna mtoto wa darasa la tatu anayesoma vizuri. Je, ni hilo? Nimefika mahali pa kujiona kweli niliwauza."

"Hukuwauza."

"Hosiana ndilo jina lake," alisema Skolastika. "Ujue jina. Mtoto ni Ezelina. Majirani ndio waliomwokoa, walikuja na majembe. Yeye na mtoto waliondoka Alhamisi yake kwa lori. Hakuniaga. Watu hapa wananisalimia kwa adabu tu, na akina mama wawili wamehamishia kliniki yao kijiji cha pili. Siwalaumu, nesi asiyetunza siri ni wa nini?"

Leokadia alisema, "Nisamehe."

"Unaniomba mimi?"

"Wewe pia."

Skolastika akaanza kukunja tena. "Jambo moja sijalielewa. Huo ukurasa haukutaja Makete. Niliusoma wote, nilikuwa mmoja wa wale saba. Tulikubaliana asitaje. Mtu wa Songea kama yule mume wake, asiyejua huku, angejuaje aanzie Makete? Angeweza kwenda Mbeya, au Mufindi, au Uluguru. Kila mahali kuna baridi na viazi."

Hiyo ilikuwa nafasi ya kukaa kimya, na Leokadia aliiona. Angeweza kusema hajui. Kosa la mashine lilikuwa kubwa vya kutosha kwa siku moja, na lilikuwa la watu wawili.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema.

Vitambaa vilisimama tena.

"Aliniandikia akauliza mwandishi ni wa wapi. Nilidhani ni mjane wa kiume. Sikumuuliza swali hata moja. Nilitaka aone kwamba najua kusoma, nikamwambia Makete, upande wa juu. Nilimwambia amsalimie."

Upepo ulisukuma mlango wa zahanati, ukagonga, ukarudi. Skolastika hakumtukana. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kazini.

"Barua hizo unazo?"

"Ninazo zote mbili."

"Kesi inasikilizwa mwezi ujao. Yule mwanamume amewaambia polisi kwamba Hosiana ndiye aliyemwita waje wapatane, wakagombana, mkono ukavunjika kwa bahati mbaya. Hakuna karatasi ya kumpinga. Utazileta?"

"Nitazileta."

"Na utasimama useme ulichomjibu, mbele ya watu?"

"Nitasema."

"Sasa mwandikie Hosiana. Kwa kalamu, na jina lako kamili, na hilo la Makete uliweke mwanzo, usiliweke mwisho. Sijui aliko, na sitaki kujua tena aliko mtu yeyote. Lakini kuna mama wa ofisi ya ustawi wa jamii anayeweza kumfikishia." Alimpa daftari la zahanati na kalamu. "Na hao wengine ambao mliruka mabango yao, mtawaambia lini?"

"Mwenzangu hataki."

"Mimi nimekuuliza wewe."

*

Mwalimu Osmund alipewa habari yote Ijumaa, pamoja na lile la Makete. Alilipokea vibaya kuliko Leokadia alivyotarajia. Alisema kwamba basi kosa halikuwa la mtambazaji, lilikuwa la mdomo, na mdomo ungeweza kufungwa bila kuua kazi ya watu. Leokadia alimwambia kwamba mdomo ulisema Makete kwa sababu mtambazaji ulikwishaleta ukurasa. Walivutana hivyo hadi saa sita.

"Ukirudisha mabango," alisema Mwalimu hatimaye, "Generosa anatoka."

"Najua."

"Hatasomwa tena na mtu. Miaka ishirini ya kazi yake."

"Najua, Mwalimu. Ila bango ni lake. Hatujui kama ni la kampuni au aliliweka mwenyewe."

"Nilikaa naye miaka thelathini na nane, ningejua."

"Aliwahi kukuambia?"

Mzee alichukua kofia yake na bisibisi zake zote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Leokadia alikaa mbele ya kioo cha kompyuta peke yake. Aliandika tangazo mara nne. La kwanza lilikuwa na maneno "hitilafu imetokea", akalifuta. La mwisho lilisema hivi: "Tangu Novemba tumeingia kwenye tovuti zilizotukataza. Tulijua tunachofanya. Mtu mmoja ameumizwa kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu mimi, Leokadia Mligo, nilimwambia asiyepaswa kuambiwa mahali anapoweza kupatikana. Leo tumeondoa kurasa zote zenye bango. Anayetaka kurudi atatuandikia mwenyewe." Akauagiza mtambazaji usome mabango, ya zamani na mapya. Faharasa ilianza kupungua akiitazama. Kutoka tovuti elfu kumi na moja ikashuka hadi elfu tatu na mia saba. Ya Bi Generosa ilitoka saa nane na dakika kumi. Aliliona jina likipita.

Barua zilikuja wiki nzima. Wengine walimshukuru. Wengi hawakushukuru. Hata waliokuwa na milango wazi walianza kuifunga. Fundi saa wa Ludewa aliandika mistari miwili kwamba alimwamini dada wa Njombe kuliko Mjibu, na sasa haoni tofauti. Leokadia alijibu kila barua kwa kalamu yake mwenyewe pale palipokuwa na anwani, na pale pasipo na anwani aliandika kwa mashine. Hakujitetea kwa yeyote. Usingizi ulikuwa mfupi, chakula hakikuwa na ladha, na alipokutana na watu sokoni alihisi kila mmoja amesoma.

Mahakamani alisimama dakika ishirini. Wakili wa yule mwanamume alimuuliza kama yeye ni mkutubi kwa taaluma, akasema ndiyo. Akamuuliza kama mkutubi hufundishwa kutotoa habari za msomaji mmoja kwa mwingine, akasema ndiyo, mwaka wa kwanza. Hosiana hakuwepo, ushahidi wake ulisomwa na karani. Baba Ezelina alikuwepo. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alipomwona Leokadia alimwinamishia kichwa kwa heshima, kama mtu anayemtambua aliyemsaidia. Hilo lilimkaa rohoni kuliko maswali yote ya wakili. Mwanamume yule alihukumiwa kifungo cha miaka minne.

Mwalimu Osmund alirudi mwezi wa Agosti, asubuhi moja, bila kusema alikuwa wapi. Alibeba boksi la madaftari ya marehemu mke wake. Alivuta kiti hadi kwenye meza ya pembeni, akafungua daftari la kwanza na kuanza kunakili, kidole kimoja kimoja, kwenye tovuti mpya yenye jina lake mwenyewe.

"Nimewauliza watoto wetu wote," alisema bila kugeuka. "Wamekubali. Kuna kurasa wamesema nisiweke, kwa hiyo siweki."

"Sawa, Mwalimu."

"Kuna madaftari kumi na tisa."

"Nikusaidie?"

"Hapana."

Barua ya Hosiana ilifika Septemba, ndani ya bahasha ya ofisi ya ustawi wa jamii, bila mahali ilipotoka. Leokadia aliifungua akiwa amesimama. Iliandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala upande mmoja, moja baada ya nyingine.

"Nimepata barua yako. Skola nimeshamwandikia, amenijibu, na sisi tumemaliza. Wewe sina la kukuambia, na usiniombe tena msamaha kwa sababu kila ukiniomba nalazimika kukufikiria. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto. Ezelina amesikia kwamba shamba letu lilisomwa na watu wengi. Ananiuliza kila siku ni wangapi. Kama unajua, mtumie idadi."

Chekeche haikukumbuka nani amesoma nini, lakini ilihesabu kila ukurasa umefunguliwa na watu wangapi. Hesabu za tovuti zilizoondoka zilikuwa bado hazijafutwa. Leokadia alikaa chini akazitafuta. Tangu Novemba hadi Juni, watu mia mbili kumi na watatu.

Alichukua karatasi. Aliandika, "Mpendwa Ezelina, wasomaji wenu walikuwa mia mbili kumi na wawili." Akaitazama ile namba. Ilikuwa namba nzuri kumpa mtoto. Mwalimu Osmund alikuwa akigonga herufi zake pembeni, moja, kisha nyingine.

Akaichana ile karatasi, akachukua nyingine.

"Mpendwa Ezelina," aliandika. "Wasomaji wenu walikuwa mia mbili kumi na watatu. Mmoja wao alikuwa baba yako, na ni mimi niliyemfungulia. Hao wengine walikuja kwa ajili ya viazi. Mwambie mama nimekuandikia yote, na akiona afadhali usiisome barua hii, ni sawa."

Akaiweka ndani ya bahasha bila kuifunga kwa gundi, ili mama mtu aisome kwanza, akaenda kuipeleka mwenyewe ofisi ya ustawi wa jamii.